Nywele za Nesta

Hezron alijua harufu ya kila kitu kilichoingia Mkwajuni kwa njia halali. Alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, na mwaka ule wa themanini na tatu vitu vya halali vilikuwa vichache: chumvi, vibiriti vilivyolowa, majembe yasiyo na mipini, na mara moja moja mche wa sabuni ya kukatwa kwa uzi na kugawiwa kaya kwa kaya. Kwa hiyo jioni alipomtua mkewe ndoo ya maji, shingo yake ikamnukia maua na dawa ya hospitali kwa pamoja, hakuuliza ni harufu gani. Aliuliza ni ya nani.

"Ni mafuta ya nywele," Nesta alisema. "Fatu alinipaka wakati ananisuka."

"Fatu wa kwa Athuman."

"Kuna Fatu mwingine hapa?"

Hakukuwa na mwingine. Fatu alikuwa mdogo wake Athuman, na yeye na mumewe mchimbaji walikaa uani kwa kaka yake. Athuman mwenyewe alikuwa mtu wa Tabora aliyefanya biashara Tunduma kabla ya kufuata dhahabu. Wachimbaji walimletea madonge ya dhahabu iliyoshikana na zebaki, naye akayachoma kwenye karai nyuma ya nyumba, zebaki ikapaa kwa moshi, dhahabu ikabaki. Alikuwa mtu wa vicheko, mwenye shati safi wakati ambapo wenzake wote walivaa viraka. Yote hayo Hezron angeyavumilia. Asilolivumilia ni kwamba huko Tunduma Athuman alikuwa amepanga chumba Chapwa, kwenye nyumba ya baba yake Nesta, wakati Nesta bado msichana. Alikuwa amemwona Nesta akifagia uwanja asubuhi, akicheka na wenzake, akiwa na miaka ambayo Hezron hakuijua na hataijua. Kwa sababu hiyo Athuman alimwita Hezron shemeji, mbele za watu, na kila alipomwita hivyo Hezron aliona kama mtu amemfungulia sanduku lake na kuchungulia.

Harufu ile hakuisahau. Aliitafuta kwenye kanga za Nesta, kwenye mto, kwenye kitambaa cha kichwa. Siku nyingine ilikuwepo, siku nyingine haikuwepo, na siku ambayo haikuwepo ndiyo iliyomtesa zaidi, maana alijiuliza imefutwa kwa sababu gani.

Ndipo alipofika Bwana Yonasi, mtafiti kutoka Dar es Salaam, akitaka nywele.

Aliitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya chama akaeleza kwamba zebaki ni sumu, kwamba inaingia mwilini polepole, na kwamba nywele zinaitunza. Angekata kidogo tu kisogoni, karibu kabisa na ngozi, zipelekwe Ulaya kupimwa. Watu walimsikiliza kwa adabu, na alipomaliza hakuna aliyesimama. Pale kwetu nywele zikinyolewa huchomwa au hufukiwa. Haziachwi mikononi mwa mgeni, sembuse kumpa mgeni azifunge kwa uzi na kuondoka nazo. Mzee mmoja aliuliza kama zitarudishwa. Bwana Yonasi akasema hapana, zitateketea kwenye mashine. "Kwa hiyo zitachomwa," mzee akasema. "Zitachomwa na mtu tusiyemjua."

Hezron aliona haya kwa niaba ya kijiji chake. Akasimama. Alikuwa na sauti nzuri na alipenda kuitumia. Shereheni yeye ndiye aliyetunga na kughani mashairi, na hakuna aliyemfundisha.

"Ndugu zangu, tumepigania elimu ili tuiogope?" alisema. "Mimi natoa nyumba yangu. Anikate mimi, amkate na mke wangu."

Bwana Yonasi akafurahi kuliko ilivyotarajiwa. Alisema anahitaji pia watu wasiogusa dhahabu, ili awalinganishe na wachomaji. Nyumba ya muuzaji wa duka ingemfaa sana, maana ni nyumba safi. Neno hilo Hezron alikwenda nalo nyumbani kama zawadi. Baada yake wengine walitoa vichwa vyao, hata Athuman na Fatu. Nesta aliinamisha shingo, akakatwa, akasema tu, "Usikate nyingi, kaka, nitashindwa kusuka."

Majibu yalirudi mvua zilipoanza. Wakati huo Nesta alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka mitatu ya ndoa, na Hezron alitembea kijijini kama mtu aliyepandishwa cheo. Bwana Yonasi aliwaita watu wawili wawili kwenye chumba cha zahanati. Kando yake alikaa Shaban, mganga wa zahanati, mtu mnene mwenye tabia ya kupiga meza kwa kidole anapokataa jambo.

"Ndugu Hezron, wewe hujambo," Bwana Yonasi alisema. "Nywele zako ni za mtu asiyejua hata dhahabu inafananaje."

"Nilijua."

"Mama hapa ndiye aliyenishangaza. Ana zebaki nyingi kuliko mchomaji yeyote niliyempima. Nyingi kuliko Athuman."

Hezron alimtazama mkewe. Nesta alikuwa anatazama vidole vyake.

"Tunakula chungu kimoja," Hezron alisema. "Tunakunywa maji ya kisima kimoja."

"Ndiyo maana nauliza. Mama huwa anashinda wapi mchana?"

Kidole cha Shaban kilipiga meza. "Bwana Yonasi, taratibu. Nywele ni kama pazia la jikoni. Ukiliona jeusi huwezi kusema nani kala nini. Huyu anasukwa kwenye uwanja wa mchoma dhahabu. Moshi umemkaa kichwani, kwa nje."

"Tuliziosha kabla ya kuzipima."

"Zebaki ya moshi ikishaingia kwenye unywele haitoki kwa kuosha. Nywele mpime mla samaki wa ziwani. Mtu wa moshi mpime mkojo."

"Mkojo utakuambia habari za juzi. Nywele zinatunza miezi." Bwana Yonasi alianza kupandisha sauti, ilionekana ubishi huu walikuwa wameufanya tangu asubuhi. "Nimekata kipande kwa kipande. Ncha haina kitu. Kadiri unavyoshuka kwenye ngozi, inazidi. Moshi wa nje ungepaka unywele wote, Daktari, usingechagua."

"Unategemea alianza lini kusukwa pale."

"Ilianza lini?" Hezron aliuliza.

Wote wawili walimgeukia, kama watu waliosahau kuna mtu mwingine chumbani.

"Zebaki," Hezron alisema. "Ilianza kuonekana lini?"

"Kwa kukadiria urefu," Bwana Yonasi alisema, "kama wakati wa Pasaka."

Pasaka Nesta alikuwa amekwenda Chapwa kusalimia kwao. Alirudi na lori lililompakia pia Athuman na magunia yake.

Walitoka. Hezron alitangulia, Nesta nyuma, mpaka wakapita nyumba za mwisho. Kisha Hezron akasimama katikati ya njia.

"Mimba hii ni ya lini?"

Nesta alimgeukia. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho, kama alivyoamka nao siku nyingi wakati ule, na Hezron alikuwa amejiambia ni mimba.

"Hesabu mwenyewe," alisema. "Si wewe ndiye unayepimia kijiji kizima?"

"Nakuuliza uliko mchana."

"Shambani. Kisimani. Kwa Fatu kusukwa. Kanisani, ukipenda kumshuku na mchungaji."

"Nywele zako zimeshuhudia."

"Basi ziulize zenyewe."

Hezron alitaka mkewe akane kwa machozi, aape, amshike mkono. Nesta hakufanya lolote kati ya hayo, akapita mbele na kuendelea na safari, na Hezron akaona kiburi kile ni cha mtu mwenye pa kwenda. Usiku ule alimwambia kwamba Jumamosi lori la tumbaku linashuka Mbalizi, kwamba atalipanda naye, kisha waunganishe mpaka Tunduma, na kwamba atamkabidhi kwa baba yake na kumtajia jina la mtu. Nesta akasema, "Sawa," akageukia ukutani.

Asubuhi Hezron alikwenda kwa katibu wa kata, Ndugu Lusubilo. Alisema kwamba moshi wa Athuman umeingia mpaka nyumbani kwa wasiochimba, mke wake mwenyewe ni ushahidi, na serikali ya kijiji inangoja nini. Hakusema uongo hata neno moja. Lusubilo, ambaye alikuwa mtu wa kuchukia mambo yasiyoamuliwa, aliahidi kuita kikao Ijumaa na kumwondoa Athuman kijijini. Hezron alitoka ofisini akiwa mwepesi, lakini wepesi ule haukufika hata dukani. Kumwondoa hakukutosha. Alitaka kusikia kwa kinywa cha mtu.

Alimkuta Athuman uani, amechuchumaa mbele ya karai, akipuliza mkaa. Moshi mwembamba ulikwenda upande wa ua wa matete.

"Mulishani, shemeji," Athuman alimsalimu kwa Kibemba cha mpakani. "Usisimame huko, moshi unakuja kwako. Usije ukapimwa tena."

"Mimi si shemeji yako."

"Basi ndugu. Mwaka huu kila mtu ni ndugu."

"Mke wangu anakuja hapa kufanya nini?"

"Kusukwa. Anakaa kwenye kinu pale, kimepinduliwa, anamsimulia Fatu jinsi unavyokoroma kwa mizani." Athuman alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Sikiliza. Yule ni mtoto wa baba mwenye nyumba wangu. Alikuwa ananiletea maji ya kunawa. Nitamtazama vipi vibaya?"

Maji ya kunawa. Hezron aliyaona maji yale, aliona na kata, aliona na mikono midogo iliyoishika. Angeweza kuvumilia kosa kubwa lenye jina kuliko kata ile ya maji.

"Tangu Pasaka amejaa zebaki yako."

"Yangu?" Athuman aligeuza kichwa. "Fatu, njoo. Mwambie bwana duka yule mtu wa nywele alikuambia nini."

Fatu alitoka ndani akifuta mikono. Alikuwa mweupe kweli, mweupe wa kuzaliwa, wa kuangaza mlango anaposimama. "Alisema ninayo, lakini ni kidogo," alisema. "Hata robo ya Nesta haifiki. Nikamwambia labda umechanganya, mimi ndiye ninayekaa hapa."

"Umesikia," Athuman alisema. "Huyu anapika humu, analala humu. Mkeo anakuja mara moja kwa majuma mawili. Kama ni moshi wangu, angekuwa amehamia ndani ya karai."

Mtu mwingine angeondoka pale amepumua. Hezron alisimama akiligeuza jambo kichwani mpaka akalipatia njia.

"Kwa hiyo hamkutani hapa," alisema. "Mnakutana kwingine."

Athuman alitupa kipepeo cha mkaa chini. "Haya, sasa umenitafutia na kichaka. Nenda nyumbani, Hezron. Nenda ukamtazame mkeo uso, huenda hujamtazama siku nyingi."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalitoka kwa mtu aliyemtazama kabla yake. Alirudi nyumbani mbio mbio, akamkuta Nesta anafunga nguo zake kwenye shuka. Alisimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake na mwanga wote ukimwangukia mkewe, na kwa hasira, ili asiwe ameamriwa na Athuman bure, akamtazama.

Mashavu yalikuwa yamekwajuka. Paji la uso lilikuwa na weupe wa majimaji, usio wake, na masikio na vidole vilibaki na rangi yake ya zamani. Weusi wa kope zilizovimba ulionekana kama umechorwa juu ya uso wa mtu mwingine. Miezi yote hii alikuwa amemnusa, amemhesabia safari, amemsikiliza anavyopumua. Kumtazama hakuwa amemtazama.

"Umefanya nini usoni?"

Nesta aliacha kufunga. Aliingiza mkono chini ya mtungi wa unga, akatoa kitu kilichofungwa kwa gome la mgomba. Alikiweka kitandani, akakifungua. Kilikuwa kipande cha sabuni ya ng'ambo, bado nusu yake imevaa karatasi yenye picha ya mwanamke mweupe. Harufu ikajaa chumba chote, maua na dawa ya hospitali.

"Ukitaka kunirudisha, nirudishe kwa hii," alisema. "Usinirudishe kwa Athuman."

"Imetoka wapi?"

"Kwa shangazi, Nakonde. Nilivuka mpaka kwenda kwake Pasaka. Ikiisha ananitumia nyingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Enesi ulimwambia nini?"

Enesi alikuwa jirani yao. Mwezi wa Mei, mgambo walipopita nyumba kwa nyumba kutafuta bidhaa za walanguzi, walikuwa wamemchukua Hezron awatambulie, na ndani kwa Enesi yeye ndiye aliyenyanyua vipande viwili vya sabuni, akavinusa mbele ya watu, akatangaza, "Hii haikutoka dukani kwangu." Enesi alipelekwa mahabusu Mbeya. Alirudi wakati wa mavuno, amekonda.

"Umeona afadhali nikudhanie mzinzi," Hezron alisema.

"Mzinzi anarudishwa kwa baba yake. Mlanguzi anapelekwa Mbeya. Na wewe ndiye ungenusa."

Hezron alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kitu cha ajabu kilikuwa kinamtokea. Mzigo uliomlalia kifuani miezi ile yote ulikuwa umeondoka, naye badala ya kufurahi alitafuta ulipokwenda.

"Lakini kwa nini? Nani alikuambia uwe mweupe?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Harusi ya Fatu." Nesta akaghani taratibu, bila kumwangalia, kwa mdundo uleule aliokuwa ameutumia yeye:

*Bibi harusi tazama, mwezi u humu nyumbani,*
*Uso wako ukihama, giza litajaa ndani.*

"Lile ni shairi la harusi," Hezron alisema. "Bibi harusi husifiwa. Ndiyo kazi yake, na ndiyo kazi yangu."

"Na yangu uliyaghani yapi? Kwenye harusi yetu ulisifu ujamaa, ukasifu jembe. Mimi nilikaa pale na shela langu nikingoja unifikie. Nilikuwa nakwenda kusukwa kwa Fatu ili nimwone karibu. Nione ana nini. Kila nikirudi, ninaoga na hii."

Hakumwambia kwamba alikuwa amefurahi, lakini alifurahi. Mtu alikuwa ameona wivu kwa ajili yake, Hezron, mpaka akajipaka sumu. Lilikuwa wazo baya na tamu, na alilishika kwa muda mfupi kabla ya kuona kope zile zilizovimba.

"Itupe chooni," alisema. "Usiseme kitu kwa mtu. Kesho watamwondoa Athuman na mambo yataisha."

"Wamwondoe kwa ajili ya nywele zangu?"

"Moshi wake ni mbaya hata hivyo. Bwana Yonasi amesema."

"Na Fatu pia ataondoka."

"Si ulitaka?"

Nesta alikunja lile gome la mgomba upya. "Na wewe utafurahi," alisema.

Hezron alitoka nje kupasua kuni zisizohitajika.

Ijumaa walikutana kwenye baraza la zahanati kwa sababu ofisi ilikuwa inavuja. Lusubilo alikaa mezani, Bwana Yonasi upande mmoja na Shaban upande mwingine. Athuman alisimama kwenye nguzo, kofia mkononi. Watu waliokuja kutibiwa walijaa kwenye benchi, na Enesi alikuwa miongoni mwao. Bwana Yonasi alikuwa anaeleza kwamba kuna mama ambaye hajawahi kugusa dhahabu, na bado nywele zake zimemshinda mchomaji, jambo linaloonyesha moshi unafika mbali, wakati mama mwenyewe alipopanda ngazi ya baraza, akafungua pindo la kanga, akaweka sabuni juu ya meza.

"Ni hii," Nesta alisema. "Naoga nayo tangu Pasaka. Na kichwani."

Hezron alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

Bwana Yonasi aliigeuza sabuni, akasoma maandishi madogo ya nyuma ya karatasi, akasoma tena. "Ina zebaki," alisema. "Imeandikwa hapa." Alionekana kama mtu aliyeshinda na kushindwa kwa wakati mmoja. "Nywele zilisema kweli, Daktari."

"Zilisema ipo. Hazikusema imetoka wapi," Shaban alijibu. "Hiyo tuliongeza sisi, wewe na mimi. Wewe moshi wa mbali, mimi moshi wa kusukwa. Na kama alijipaka kichwani, hata sasa hujui iliyo mwilini ni kiasi gani."

"Kwa hiyo nywele hazifai?"

"Sijasema hazifai. Nasema hazitoshi. Mama, njoo huku."

Alimpeleka ndani. Waliochungulia dirishani walisimulia baadaye kwamba Shaban alipasha moto mkojo wa Nesta kwenye kibomba cha kioo na ukaganda mweupe kama ute wa yai. Alitoka akasema figo zimeguswa, aiache sabuni leo hii, aende hospitali ya Mbeya akaangaliwe, yeye na mtoto, na kwamba wengi wakiacha mapema hupona. Alisema hivyo kwa watu wote, kama anavyosema mambo ya vyoo na mbu.

Lusubilo alikuwa bado na jambo lake. Aliinyanyua sabuni kwa vidole viwili. "Nataka kujua imeingiaje kijijini."

Kumtaja shangazi Nesta hakuweza. Wakati ule jina likitajwa hapa linakamatwa kule.

"Ni yangu, Katibu," Athuman alisema pale kwenye nguzo. Alisema kwa upole, bila haraka. "Nilitoka nayo Tunduma nikampa Fatu, Fatu akamkatia mwenzake. Niandike mimi. Mimi tayari mlikuwa mnaniondoa."

Barazani palisikika mnong'ono wa watu wanaoona wema. Mama mmoja alisema yule Mnyamwezi ni mtu. Nesta aliinua macho akamtazama Athuman, na katika macho yale kulikuwa na shukrani tu, shukrani tupu, na hiyo ndiyo Hezron hakuweza kuivumilia. Mtu alikuwa anambeba mke wake mbele ya kijiji kizima, na mke alikuwa amekubali kubebwa.

"Mwongo," Hezron alisema. Alikuwa amesimama bila kujua. "Mke wangu hapewi sabuni na mtu. Niliinunua mimi. Mbalizi, nilipofuata mgawo wa chumvi. Nikamletea mke wangu."

Lusubilo alimtazama kama hajamsikia. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyemtambua Enesi?"

"Mimi huyohuyo."

Enesi alijinyoosha pale kwenye benchi. "Mpeni anuse," alisema. "Anuse atuambie kama imetoka dukani kwake."

Watu walicheka, na wakaendelea kucheka, na hakuna aliyewakataza. Athuman peke yake hakucheka. Alimtazama Hezron kwa namna ya mtu anayeelewa zaidi ya alivyotakiwa, na hilo nalo likamuudhi Hezron kuliko vicheko. Akatoa funguo za duka mfukoni, akaziweka mezani karibu na sabuni, akasema, "Endeleeni."

Kikao kiliamua kwamba Athuman abaki, lakini karai lihamie ng'ambo ya korongo, mbali na nyumba, kwa sababu Bwana Yonasi na Shaban walikubaliana kwa mara ya kwanza kwamba moshi ni sumu, iwe nywele zinaujua au haziujui. Hezron aliwekwa kwenye baraza la ofisi ya kata, mgambo mmoja akimlinda, kungoja gari la Mbeya ambalo lingefika wakati wowote likipata mafuta.

Jua lilipopinda Nesta alimletea ugali na mlenda. Alikuwa amenyoa kichwa chote. Mgambo akasogea pembeni kwa heshima.

"Nywele umezipeleka wapi?" Hezron aliuliza.

"Nimezichoma. Shaban anataka azione zitakazoota upya, Yonasi naye anazitaka, wamegombana kuhusu nani azipime." Aliketi karibu naye, akaweka sahani katikati. "Shangazi yangu angekushukuru kama angejua."

"Sikufanya kwa ajili ya shangazi yako."

"Najua ulifanya kwa ajili ya nini."

"Ulitaka iwe yake? Iandikwe kwamba Athuman alikupa sabuni ya kuogea?"

Nesta alimtazama, kichwa kimeng'aa, macho bado yamevimba, na kitu kama kicheko kikimpanda kooni. "Mtu anakwenda jela kwa wivu," alisema.

"Anakwenda kwa sabuni. Wivu hauna kifungo." Hezron alinawa mikono kwa maji aliyommiminia mkewe, kisha akabaki ameiinua, inachuruzika. "Umekuja kwa njia gani?"

"Ya kisimani."

"Inapita kwa Athuman."

"Ndiyo iliyopo."

"Alikuwepo?"

"Alikuwa anafunga karai lake alihamishe."

"Akasema nini?"

"Amesema akipata gari la kwenda Mbeya kesho, atanisindikiza mpaka hospitali."

Hezron aliuacha ugali ulivyo. "Utakwenda na Fatu," alisema. "Mwambie mgambo aniitie Lusubilo. Nataka iandikwe kwamba utakwenda na Fatu."

"Kula kwanza."

"Mwite kwanza."

Nesta alimega tonge, akalichovya, akalishika mbele ya midomo ya mumewe mpaka akafungua kinywa. Kisha akainuka kwenda kumtafuta Lusubilo, na Hezron akamtazama njia nzima, akitafuna, aone amepita upande gani.